Hodi ya Bi Usingizi

Chumba cha zamu kilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: kompyuta ikisema "Hodi," aliye zamu aitikie "Karibu" kabla hajagusa kitu. Ilianza kama mzaha siku darubini ilipowashwa kule juu, na kama mizaha mingi ya kazini, ikazoeleka hadi ikawa adabu. Hata mkurugenzi, mtu ambaye kucheka kwake kunahitaji kikao, aliwahi kuingia akitafuta saini, hodi ikapigwa, naye akaitika karibu bila kufikiri. Kisha akajifanya anakohoa.

Sauti ya hodi hiyo ilikuwa ya Mwalimu, mtafiti mkongwe wa pale. Aliirekodi zamani, alipokuwa bado anapanda ngazi za jengo lile bila kusimama katikati na kujifanya anasoma matangazo ukutani. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua amefika nyumba sahihi.

Darubini yenyewe waliiita Mlinzi. Mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota haifiki ardhini. Hewa huimeza yote njiani, jambo ambalo ni baya kwa wanaoichunguza na zuri kwa ngozi za watu wengine wote. Anayeitaka lazima aifuate juu. Mlinzi alikuwa huko juu, anazunguka dunia, anakagua anga lote mara kadhaa kwa siku kwa macho mapana yasiyoona vizuri sana. Kuona vizuri haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kugundua kitu kinachong'aa mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Kitu cha namna hiyo, mle chumbani, kiliitwa mgeni. Vile vilivyozoeleka viliandikwa wenyeji kwenye orodha ya anga.

Mwanamke aliyekuwa zamu asubuhi ile aliitwa Chujio. Mama yake alimpa jina zuri zaidi, lakini kazini lilikuwa limeshasahaulika, na kisa cha kusahaulika kwake ni hiki. Wenyeji wa angani hawatulii. Leo wanang'aa, kesho wanafifia, kesho kutwa wanang'aa tena, na Mlinzi, ambaye akili yake ilikuwa ya programu, kila mara aliona ni jambo la kuripoti. Kutwa nzima ikawa hodi, hodi, hodi. Watu wakaitikia mpaka wakakauka koo. Mwishowe Fundi wa antena, ambaye meza yake ilikuwa jirani na spika, aling'oa waya akautia mfukoni na kwenda nao nyumbani.

Jambo likafika kikaoni. Mwalimu akacheka, akasema, "Kwani mwenyeji gani anabisha hodi kwake?" Kila mtu akaona ni kweli tupu. Ndipo yule mwanamke, aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa ni mwenzake, akakaa chini akaandika programu fupi na safi ya kuchuja: aliyeandikwa mwenyeji apite kimyakimya. Kwa tahadhari aliongeza kwamba mwenyeji akizidi mara kumi ya mng'ao wake wa kawaida, basi abishe kama wengine. Chumba kikapoa. Fundi akarudisha waya. Mwalimu alimsifu mbele ya watu, naye akapata jina jipya, akalivaa kwa furaha, maana si kila mtu anaitwa kwa kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Sasa kuna Bi Usingizi.

Bi Usingizi alikuwa shimo jeusi, mbali huko, lenye nyota mwenza inayolimwagia gesi bila kukoma. Gesi ile haitumbukii moja kwa moja. Inajikusanya pembeni ikizunguka, kama maji kwenye sinki lililoziba, miaka nenda miaka rudi, giza tupu. Halafu siku moja inapata moto, inaporomoka, na mahali pale panawaka eksirei kwa wiki kadhaa kabla ya kulala tena kwa miaka mingi. Mwalimu alimwona mara moja, akiwa mwanafunzi mwembamba. Aliitwa kuangalia akiwa amechelewa; Bi Usingizi alikuwa ameshaamka na ameanza kusinzia. Kijana akapima kusinzia kwake, akapata shahada kwa kusinzia huko, na tangu hapo swali moja likamkaa rohoni: ule moto huanzia wapi, ukingoni au katikati? Ukitaka kujua, sharti uwepo anapofumbua macho. Hakuna aliyewahi kuwepo.

Ukiondoa afya ya watoto wake, hilo ndilo Mwalimu alilolitaka maishani. Mkewe alilijua vizuri, ndiyo maana alikuwa akimwita Bi Usingizi "mke mwenzangu," na kwenye harusi ya binti yao mkubwa alitangaza hadharani kwamba mke mwenziwe ameshindwa kuhudhuria kwa sababu amelala. Mwalimu alicheka kuliko wote. Lakini mwisho wa mwezi ule alikuwa anastaafu, na Bi Usingizi hajapepesa hata ukope. Angechelewa kidogo tu, angemkuta Mwalimu kaburini.

Kwa kumngojea, Mwalimu alikuwa na rufaa. Ipo darubini nyingine huko juu, kali, inayotazama padogo lakini kwa undani, na watu wa nchi nyingi wanaigombania. Pale kazini waliiita Bingwa, kama daktari bingwa, kwa sababu humwendei hivihivi; lazima upewe rufaa. Kila mwaka Mwalimu aliomba rufaa moja: siku Bi Usingizi akiamka, Bingwa aache shughuli zake amgeukie. Kila mwaka alipewa, na kila mwaka ilichacha bila kutumika. Rufaa hiyo ilikuwa yake binafsi. Kuifungua ilibidi apige simu mwenyewe, kwa sauti yake, na aseme neno la siri.

Na kuna jambo moja zaidi, dogo, la kufurahisha wakati lilipotendeka. Miaka michache nyuma Mwalimu alitazama orodha ya anga akaona Bi Usingizi bado ameandikwa mgeni. "Hivi tuna aibu kweli?" aliuliza. "Mtu tunamjua miaka yote hii. Hata mpangaji angeshapewa ufunguo." Akafuta akaandika mwenyeji. Wakanunua biskuti, wakanywa chai, Fundi akatoa hotuba ya kumkaribisha Bi Usingizi katika ukoo. Chujio alipiga makofi. Programu yake ilikuwa bado haijazaliwa.

Basi asubuhi ile, Alhamisi, hodi ilipigwa.

"Karibu," akaitika Chujio huku akitafuta pa kuweka kikombe.

Kwenye skrini palikuwa na mgeni, mahali ambapo orodha haikuwa na mtu. Alimkagua kama anavyowakagua wote. Je, ni doa la kifaa? Hapana. Je, ni jua limechungulia pembeni? Jua lilikuwa upande mwingine. Lakini mgeni huyu alikuwa na umbo baya. Nyota kwenye kioo cha Mlinzi huonekana kama alama ya kujumlisha: nukta katikati, na mikono minne inayotoka humo, kwa sababu ya namna vioo vyake vilivyopangwa. Hiyo haiepukiki, na kila aliyepewa zamu hufundishwa siku ya kwanza. Mgeni huyu hakuwa na nukta. Alikuwa mstari tu, mrefu, mwembamba.

"Huyu hajaja na mwili," akamwambia Fundi. "Kaja mkono peke yake."

"Mkono wa nani?"

"Ndiyo naangalia."

Mkono una bega. Aliufuata mstari ule kwa kidole, akivuka skrini taratibu, akijua kwamba mwisho wa mkono unaong'aa hivi lazima kuna kitu kinachong'aa zaidi, na akishangaa kwa nini kitu hicho hakikubisha hodi chenyewe. Kidole kikafika kwenye nukta. Ilikuwa nyeupe, kubwa, imewaka kama taa ya sebuleni. Pembeni yake programu ilikuwa imeandika, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo yeye mwenyewe alizichagua ili zisiumize macho: mwenyeji, pita.

Alisoma jina. Akasoma tena. Bi Usingizi.

Alirudi nyuma kwenye data za jana. Nukta ipo. Za juzi, Jumanne, ipo, ndogo kidogo. Jumatatu asubuhi hapakuwa na kitu, na Jumatatu jioni palikuwa na nukta hafifu, ya woga, na pembeni yake: mwenyeji, pita. Kila Mlinzi alipopita, nukta ilikuwa imekua, na kila mara programu iliitazama, ikaona ni mtu wa nyumbani, ikanyamaza.

Lakini ile tahadhari ya mara kumi? Alifungua programu yake akaisoma kwa macho ya mtu mwingine. Mara kumi ya mng'ao wa kawaida, sawa. Mng'ao wa kawaida wa Bi Usingizi, tangu Mlinzi arushwe, ulikuwa sifuri. Na yeye aliandika, ili programu isikwame, kwamba ikikuta sifuri iruke mstari. Ilikuwa imetii. Ingebaki kutii mpaka kiyama.

"Ameamka," alisema.

Fundi aliinuka, akaja akasimama nyuma ya kiti chake, akatazama. Kwa mtu yule kila kitu kilikuwa utani, lakini safari hii alishika kiuno tu. "Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Mungu wangu. Na Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa amekwenda hospitali kupigwa picha ya goti. Simu yake ilikuwa imezimwa. Chujio alipiga mara ya pili na ya tatu, kama vile simu huona huruma. Kisha akapiga ya mkewe, nayo imezimwa.

"Bingwa anapokea amri alasiri hii," Fundi alisema. "Ikipita, ni kesho. Chukua teksi umfuate." Akasita, akashusha sauti ingawa chumbani walikuwa wawili. "Na sikiliza. Mwambie ameamka leo. Mwache mzee afurahi. Nani atapekua?"

"Yeye ndiye atapekua," Chujio akasema. "Kitu cha kwanza."

Hata hivyo, ndani ya teksi alilifikiria. Tusimpambe. Alijiona akisema "ameamka" na kuishia hapo, akiona uso wa mzee ukichanua, na akaona vilevile kwamba kati ya uso ule na data za Jumatatu pangekuwa na saa chache tu za amani, ambazo zingekuwa zake yeye, si za Mwalimu. Aliogopa. Alikuwa na watoto wawili na mkopo wa nyumba, na kilichomtisha si kazi kupotea. Ni kwamba yule mtu aliyemfundisha kutazama angemtazama yeye.

Ukumbi wa eksirei ulikuwa chini kabisa ya hospitali, mwisho wa korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega. Palikuwa na benchi mbili, tangazo la kuzima simu, na mlango wenye taa nyekundu juu yake. Mwalimu alikaa na suruali imekunjwa hadi juu ya goti, kama anayetaka kuvuka mto. Mkewe alikuwa kando yake na chupa ya chai.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu," mkewe akajibu, akamtazama juu hadi chini. "Mbona hivyo? Nani amefariki?"

"Hakuna, Mama."

"Basi usiniambie mke mwenzangu ameamka." Alisema kwa mzaha, huku akifungua chupa. Kisha akamwona usoni, na mkono ukabaki kwenye kifuniko.

Mwalimu hakuinuka. Aliweka mikono yote miwili juu ya lile goti lililo wazi, akauliza kwa sauti ya darasani: "Tangu lini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa amelikimbia njia nzima. "Jumatatu jioni."

"Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hodi haikulia?"

"Haikulia. Ni mwenyeji, Mwalimu. Chujio langu lilimpitisha. Niliweka mstari wa kuruka sifuri, sikufikiria kwamba kuna mwenyeji ambaye kawaida yake ni sifuri. Kosa ni langu. Nimekukosea."

Juu ya mlango taa nyekundu ikawaka. Kuna mtu ndani alikuwa anaambiwa abane pumzi. "Mimi ndiye niliyemwandika mwenyeji," Mwalimu alisema. "Kwa mkono wangu. Nikala na biskuti."

"Lakini programu ni yangu."

"Na nani alisema mwenyeji habishi hodi?"

"Ni wewe, lakini mimi ndiye—"

"Haya, mtagawana kosa baadaye, kama warithi," mkewe akawakata. "Hiyo rufaa unayoiomba kila mwaka, unayonikosesha usingizi kwa ajili yake, ipo au haipo?"

"Ipo."

"Sasa unakaa hapa unangoja nini? Goti halitahama."

Mlango ukafunguliwa, mpiga picha mwenye aproni nzito akatoa kichwa. "Mzee wa goti! Zamu yako."

"Mpitishe mwingine," Mwalimu alisema, tayari amesimama.

"Ukitoka unaanza foleni upya, mzee. Mimi nimeshakuambia."

Mwalimu hakumsikia. Alikuwa koridoni, mguu mmoja wa suruali juu na mwingine chini, anachechemea kwa kasi ambayo Chujio alishindwa kuifuata bila kukimbia kidogo. Walitoka nje kwenye maegesho ya magari. Alisimama kati ya gari la wagonjwa na pipa la taka, akawasha simu, akapiga kule kwa watu wa Bingwa. Akajitambulisha. Akangoja. Akajitambulisha tena kwa mtu mwingine. Alipofika kwenye neno la siri aligeuka ukutani, kama anayebadilisha nguo, na Chujio akasogea mbali kwa heshima. Alilisikia hata hivyo. Lilikuwa jina la mkewe.

Amri ilipanda alasiri ile. Bingwa aliacha alichokuwa anakitazama, pengine kilikuwa cha mwalimu mwingine mahali pengine, akageuka taratibu usiku kucha, na Ijumaa asubuhi data zake zikashuka.

Walizifungua watatu, Mwalimu kwenye kiti cha katikati. Mchoro ulijichora kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia. Kama Bi Usingizi alikuwa bado anaamka, mstari ungepanda. Mstari ulianza juu, ukaenda sawasawa kwa muda, kisha ukaanza kushuka, kidogo sana, kama ngazi ya chini kabisa ya jengo. Mwalimu alisogeza uso karibu na kioo, akarudi, akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Ameshaamka," alisema. "Ameshanawa uso, ameshakunywa chai, anajiandaa kurudi kitandani. Nimefika palepale nilipofika nikiwa na miaka ishirini."

"Data za Mlinzi zipo," Chujio alisema. "Tangu Jumatatu. Kupanda kote kumo."

"Kumo. Kwa macho ya Mlinzi." Mwalimu alisimama. "Unajua macho ya Mlinzi. Utaniambia alipanda. Hutaniambia moto ulianzia wapi."

Hiyo ilikuwa kweli. Mwalimu alichukua koti lake. Mlangoni aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alimpandishia sauti. "Siku tatu! Ungeniambia hata programu ilikwama! Ungeniambia antena ilianguka! Mtu amekaa barazani kwangu siku tatu, na mimi nipo ndani nalalamikia goti!" Akaondoka, na hatua zake zilisikika kwenye ngazi, zikisimama katikati.

Tusimfanye malaika. Wiki nzima iliyofuata alimwamkia Chujio kama mtu anayemwamkia karani wa benki. Chai aliyomwekea mezani ilipoa ikiwa haijaguswa. Chujio aliumia sana, na hakujitetea. Alirekebisha mstari wa sifuri siku ileile, akapitia wenyeji wote mmoja mmoja kutafuta wengine waliolala, na nyumbani mumewe alipomwita Chujio kwa utani, alimwomba aache. Fundi alijaribu mzaha mara mbili, haukushika. Bi Usingizi naye aliendelea kufifia, akiandikwa kwenye skrini kwa herufi za kijivu: mwenyeji.

Siku ya mwisho ya Mwalimu kazini mkurugenzi alisoma hotuba, na watu walikula keki wakiwa wamesimama. Mkewe alikuja na kitenge kipya, akasalimia kila mtu, akauliza kwa sauti kubwa ni kiti kipi kilichomlea mumewe. Baada ya watu kutawanyika, Mwalimu alikuja chumba cha zamu kuchukua kikombe chake. Chujio alikuwa zamu. Fundi alikuwa mezani kwake, akisubiri data za antena.

Mwalimu alichukua kikombe, akakitazama ndani, akakiweka chini tena. Kisha akavuta kiti akakaa, si mbele ya kompyuta, bali kando yake, pale wanapokaa wanafunzi.

"Mlinzi anapita saa ngapi?"

"Sasa hivi, Mwalimu. Fundi anamsubiri."

"Bi Usingizi bado anaonekana?"

"Kwa mbali. Siku mbili tatu, atakuwa ameshalala."

Mwalimu akatikisa kichwa kuafiki. Alinyoosha lile goti, ambalo picha yake ilikuja kupigwa na kuonyesha uzee tu. "Fungua orodha," alisema. "Pale kwake. Futa mwenyeji."

Chujio alimtazama.

"Andika mgeni. Andika wewe, mimi nilishaandika nikaharibu."

Aliandika. Ilibidi arudie herufi ya kwanza. Mwalimu alisoma kwa kuinama, akaridhika, na akamgusa begani kidogo, mara moja, kama alivyokuwa akifanya zamani mtu akipata jibu. Chujio alibana machozi, hayakubanika, akayaacha.

"Tayari," Fundi akasema kutoka mezani kwake. "Anashusha."

Wakangoja. Mkewe Mwalimu alikuwa ameegemea mlango na mkoba mkononi, akidhani wanamalizia kazi. Na spika ikafunguka, ikatoka ile sauti ya zamani, ya mtu mwenye pumzi za kutosha, anayejua amefika nyumba sahihi.

"Hodi!"

Mkono wa Chujio ulikuwa kwenye kitufe cha kuizima. Hakubonyeza. Fundi, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa na chochote, aliufunga. Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anajaribu kuinuka, goti linakataa.

"Hodi!"

Sasa mkewe aliitambua ile sauti ya mumewe, akaona na jina kwenye skrini. Aliweka mkoba chini. "Kumbe ndiye huyo mke mwenzangu," alisema taratibu. Akamwendea mumewe, akamshika chini ya kwapa, akamwinua mpaka akasimama wima. "Mwitikie mgeni wako, baba. Amebisha muda mrefu. Watu wasituone hatuna adabu."

"Hodi!"

"Karibu," akasema Mwalimu. Sauti yake ilikwaruza na haikufika mbali. "Karibu. Karibu ndani."

Chujio akabonyeza kitufe, na kompyuta ikanyamaza.